Maswali yenu kuhusu Angkor: tiketi, stara, magoti ya mama na sanamu zisizo na vichwa

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kuhusu Angkor Wat, lile hekalu kubwa la Wakhmer lililopo Kambodia nje kidogo ya mji wa Siem Reap, nikasema mwenye uwezo wa kufika na afike. Meseji zilizokuja baada ya hapo ni nyingi, mengine mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua machache na nitayajibu kwa urefu pale panapostahili urefu.

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tutakuwa Siem Reap siku tatu mwezi wa kumi na mbili. Rafiki yake kamwambia eti siku moja inatosha kabisa, mnazunguka mahekalu yote afu siku mbili zilizobaki mnakaa zenu bwawani hotelini. Mimi sikubaliani nae ila sina hoja. Tukate tiketi ya siku ngapi na tuanzie wapi? – Neema

Marahaba mwanangu. Hoja ninayo, tena msomee hii kama ilivyo. Eneo lote la hifadhi ya Angkor lina kama kilomita za mraba 400, mahekalu yametawanyika humo ndani porini, na jua la kule likishafika saa tano linachoma kisawasawa hata huo mwezi wa kumi na mbili ambao ndio afadhali. Sasa mtu aliyemaliza yote kwa siku moja ujue alichofanya ni kushuka kwenye tuktuk, kupiga picha, kupanda tuktuk, basi. Muulize hekalu la Bayon na la Ta Prohm yanatofautianaje uone kama ana la kusema.

Bei ziko hivi: siku moja dola 37, siku tatu dola 62, siku saba dola 72. Piga hesabu mwenyewe utaona ya siku tatu ndio inalipa, na uzuri wake siku hizo si lazima zifuatane, una siku 10 za kuitumia. Inauzwa na shirika la serikali linaitwa Angkor Enterprise, ama ofisini kwao mjini ama mtandaoni, na sura yako inachapwa kwenye tiketi, kwa hiyo akija mtu kukuuzia tiketi yake iliyobakiza siku mkatalie, getini mtarudishwa. Dola mbili katika kila tiketi zinaenda hospitali za watoto za Kantha Bopha ambazo zinatibu watoto bure, hiyo nayo mkumbushe mumeo akianza kulalamika bei.

Mimi siku ya kwanza ningeanza na Angkor Thom, ule mji uliozungushiwa ukuta wa mraba, kila upande kilomita tatu, uliojengwa na mfalme Jayavarman wa Saba aliyeanza kutawala mwaka 1181. Katikati yake ndio ipo Bayon, yenye minara ya nyuso kubwa zinazotabasamu macho yamefumbwa nusu. Watu wote wanakimbilia juu kwenye nyuso. Nyie kabla ya kupanda zungukeni kwanza ukuta wa nje upande wa kusini, mtakuta maisha ya watu wa kawaida wa miaka 800 iliyopita yamechongwa kwenye jiwe, wanawake wa sokoni na bidhaa zao mbele, wanaume wamezunguka majogoo yanayopigana, mtu anapika, mama anajifungua huku wenzake wamemshika, mwingine anatolewa chawa kichwani. Hakuna mfalme hapo. Nakwambia unaweza kukaa mbele ya ukuta ule ukasahau njaa. Mchana mkishapumzika nendeni Ta Prohm, ile ambayo miti imeota juu ya kuta na mizizi imeshuka imekumbatia milango, huyo huyo mfalme aliijenga mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake.

Siku ya pili asubuhi mapema nendeni hekalu la Banteay Srei, lipo mbali kidogo, kwa tuktuk kama saa moja, mkirudi mnalala kidogo afu saa tisa alasiri ndio mnaingia Angkor Wat kwa mara ya kwanza. Kwanini alasiri? Kwa sababu hekalu hili limegeuzia uso magharibi, jua la jioni linalipiga usoni na mawe yanabadilika rangi, na makundi ya asubuhi yameshaondoka.

Siku ya tatu rudini tena Angkor Wat asubuhi. Ndio, tena. Safari hii nendeni moja kwa moja baraza ya mashariki, mkono wa kusini, mwanga wa asubuhi unaingia vizuri. Kuna mchongo wa karibu mita 49 unaoonyesha miungu na majini wakivutana kwa joka lililozungushwa kwenye mlima, wanaikoroga bahari ya maziwa ili wapate maji ya uzima. Vishnu, mungu wa Kihindu, yupo katikati, na chini yake kobe ameubeba mlima mgongoni. Majini ni wale wenye macho ya mviringo yaliyotoka, miungu macho yao ni membamba na kofia zimechongoka. Sasa inama uangalie chini kabisa kwenye bahari: pembeni samaki na mamba wanaogelea wazima kwa utulivu, lakini kadiri unavyosogea katikati kwenye ule mzunguko wanakatika vipande vipande, mamba nusu, samaki hana kichwa, maji yamewachana. Fundi aliwaza mpaka hapo. Na pale kati kati utaona sehemu ambazo patasi haikumaliza, jiwe bado lina makovu, kazi iliachwa hivyo.

Assalaam alaikum. Mimi navaa baibui na mtandio. Je nitasumbuliwa kuingia kwenye mahekalu? Nimesikia wana masharti makali ya mavazi. Na nikifika ndani nitalazimika kufanya ibada yao? – Bi Rukia

Waalaikum salaam Bi Rukia. Masharti yenyewe ni mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo wewe umeshayatimiza kabla hujatoka nyumbani. Wanaosumbuliwa ni wale wa vikaptula na blauzi za kamba, hasa pale juu kabisa Angkor Wat panapoitwa Bakan, hapo hata ukijitupia kanga mabegani juu ya kiblauzi wanakurudisha, wanataka nguo yenye mikono. Kofia zinavuliwa. Mtandio wa stara ni habari nyingine, wanaujua vizuri.

Wanaujua kwa sababu wao wenyewe wana Waislamu, Wacham, na Siem Reap mjini kuna msikiti na pembeni yake migahawa ya halali, ukitaka kuswali na kula kwa amani uliza tu uelekezwe. Na ukifika Bayon utawaona Wacham ukutani, kwenye huo huo ukuta wa kusini niliomwambia Neema, wako kwenye mitumbwi mirefu wanapigana na Wakhmer juu ya ziwa, wenye kofia kama ua lililopinduliwa ndio Wacham, Wakhmer vichwa wazi. Waliwahi kuuvamia mji wa Angkor mwaka 1177. Wakati ule walikuwa bado Wahindu na Wabudha, Uislamu ulienea kwao baadaye. Angalia chini ya mitumbwi, kuna watu wameshaanguka majini na mamba wanawafuata.

Kuhusu ibada hakuna anayekulazimisha chochote. Kwenye vyumba vya ndani utakuta sanamu za Buddha zimevishwa kitambaa cha njano na pembeni wazee wanaokaribisha watu kuwasha udi, afu baada ya udi wanategemea sadaka. Ukinyooshewa kijiti cha udi unaunganisha viganja kifuani, unatabasamu, unatikisa kichwa taratibu, wamekuelewa. Pita nyuma ya wanaosali, usikatize mbele yao. Jambo moja la vitendo: ngazi za kule ni nyembamba na zimesimama, chukua baibui jepesi lisiloburuza na viatu vyenye kushika.

Dada hongera kwa safu. Mimi nimeangalia picha nyingi sana za mahekalu ya Wakhmer na kila sanamu naona haina kichwa, nyingine zimebaki miguu tu. Ni vita? Ni Khmer Rouge, wale wakomunisti waliotawala Kambodia? Au ni uzee tu wa mawe? – Juma K.

Juma, hili swali nimelipenda kuliko yote na linaniuma, ngoja nilijibu kwa utaratibu maana majibu yako matatu yote yana ukweli kidogo ila jibu kubwa hukulitaja.

Ya zamani kwanza. Jayavarman wa Saba alikuwa Mbudha, alijaza sanamu za Buddha kila mahali. Baadaye karne ya 13 upepo ukageuka, dini ya Shiva, mungu wa Kihindu, ikarudi na nguvu, sanamu za Buddha kwa mamia zikachongwa zikafutwa kwenye kuta au zikageuzwa kuwa sanamu za watawa wa Kihindu wenye ndevu. Nenda hekalu la Preah Khan au Ta Prohm utaona vijumba ukutani vitupu kabisa, vimebaki na umbo tu la kitu kilichotolewa kwa patasi. Buddha mkubwa wa Bayon, wa mita 3.6, alivunjwa akatupwa kwenye shimo chini ya mnara wake mwenyewe na kule ndiko alikokutwa mwaka 1933 vipande vipande, wakamuunganisha. Na mwaka 2001 pale hekalu la Banteay Kdei watafiti kutoka Japani pamoja na wanafunzi wa Kikambodia walichimba wakakuta sanamu 274 zimezikwa pamoja.

Hayo ni ya kale. Lakini vichwa vingi unavyovikosa kwenye picha, ndugu yangu, vimeibiwa, na vimeibiwa juzi juzi tu ukilinganisha na umri wa mahekalu. Wizi ulianza zamani, mwaka 1923 kijana mmoja wa Kifaransa aitwaye André Malraux, ambaye baadaye akaja kuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, alikata michongo ya Banteay Srei akakamatwa nayo Phnom Penh, mji mkuu. Ila balaa lenyewe lilikuja vita vilipoanza mwaka 1970, hifadhi ikakosa walinzi, na iliendelea mpaka miaka ya 90, watu wanakuja na misumeno na nyundo, kichwa ndio chepesi kubeba na ndio kinapata bei, kinavushwa mpaka wa Thailand, kinapewa karatasi, kinatokea kwenye mnada London au New York kikiwa safi.

Koh Ker ndio iliumia zaidi. Huo ulikuwa mji mkuu wa Wakhmer kati ya mwaka 928 na 944, na sanamu zake ni za pekee, zimesimama zenyewe, kubwa, zina mwendo. Pale kwenye hekalu la Prasat Chen kulikuwa na mashujaa wawili wa Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa Kihindi, Duryodhana na Bhima, wanakaribia kupigana. Wezi waliwakata kwenye vifundo vya miguu wakaondoka nao, nyayo zikabaki zimesimama kwenye vibao vyake. Hizo nyayo ndizo zilizokuja kutoa ushahidi. Duryodhana alipotangazwa kwenye mnada wa Sotheby's, wataalamu wakaonyesha kwamba anakaa sawasawa na nyayo zilizobaki porini, kesi ikaenda, na mwaka 2014 akarudishwa Kambodia, Bhima nae akarudi mwaka huohuo kutoka jumba la makumbusho la Norton Simon kule California. Jumba la Metropolitan la New York lilirudisha mbili mwaka 2013 na mwishoni mwa 2023 likatangaza kurudisha nyingine 14. Dalali mkubwa wa sanamu za Wakhmer, Douglas Latchford, alishtakiwa Marekani mwaka 2019 akafa mwaka 2020 kabla ya hukumu, na binti yake akakubali kurudisha mkusanyiko wote.

Kwa hiyo ukienda, usiishie mahekaluni. Pita Makumbusho ya Taifa Phnom Penh uone baadhi ya waliorudi. Na kwenye madaraja ya Angkor Thom, pale miungu na majini wamejipanga wameshika joka, 54 huku na 54 kule, ukiona kichwa kina rangi mpya tofauti na mwili ujue hicho ni nakala ya saruji, kichwa halisi ama kimefichwa stoo ama hakijulikani kilipo. Na akija mtu kando ya hekalu na kikichwa cha jiwe kwenye gazeti anakwambia ni cha kale, nitamuuzia wewe tu kwa siri, ondoka. Kama ni feki umetapeliwa, kama ni cha kweli umenunua mali ya wizi.

Shikamoo shangazi, naenda na mama yangu miaka 68 magoti yanamsumbua, na mwanangu wa miaka 9. Nina hofu nitakuwa nawavuta tu. Wataweza? – Mama Ilham

Marahaba. Wataweza, ila usiwapeleke kila mahali kwa ratiba moja. Pale Bakan juu Angkor Wat mama asipande, ngazi zimesimama karibu kama ukuta, na mtoto hatoruhusiwa kwa vile ana chini ya miaka 12 (hiyo hiyo inamfanya aingie hifadhi bure, beba pasipoti yake maana getini wanataka kuiona). Lakini uzuri wa Angkor Wat haupo juu, baraza za michongo zote ziko ngazi ya chini, zina paa, zina kivuli, mama anatembea taratibu akichoka anakaa kwenye kizingiti anaendelea kuangalia. Siku za ibada ya Kibudha zinazofuata mwezi, Bakan hufungwa kabisa kwa watalii, na sioni kama mtakuwa mmepoteza.

Kwa mama hasa nakushauri Banteay Srei. Ni dogo, lipo tambarare, jiwe lake lina wekundu wa waridi na limechongwa kwa undani mpaka unadhani ni mbao. Liliwekwa wakfu mwaka 967 na wala halikujengwa na mfalme, lilijengwa na mshauri wa mfalme aitwaye Yajnavaraha, msomi. Nendeni hekalu likifunguliwa tu asubuhi, kabla ya mabasi.

Mtoto mpeleke kwenye kuta za Tembo pale Angkor Thom, zina urefu wa kama mita 350 na tembo wamechongwa wa ukubwa wa kweli karibu, mikonga yao imeshuka mpaka chini inang'oa majani ya yungiyungi na kuwa nguzo. Tembo wa kupanda hawapo tena, waliondolewa hifadhini mwaka 2020 na nilifurahi sana. Nyani wapo, asiwe na chakula mkononi karibu nao wala asiwachekee kwa kuonyesha meno, wanang'ata. Saa tano hadi saa tisa kaeni kivulini au rudini hotelini, kwa mama hilo si la hiari.

Je ni kweli kuamka saa kumi usiku kwenda kuangalia jua likichomoza Angkor Wat? Inastahili? – Baraka

Inastahili kama anga ni safi, yaani kati ya mwezi wa 11 na wa 3. Geti linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, wengi wanasimama kwenye bwawa la kushoto ili waone minara imejirudia majini, na utakuwa umebanwa mabega na simu za watu zimeinuliwa juu. Sehemu nzuri kwangu ni baada ya hapo. Jua likishatoka wale wote wanarudi kunywa chai, na hapo kwa saa moja hivi hekalu linakuwa tulivu, ndio uingie ndani. Mahekalu mengine mengi hayafunguliwi mpaka saa moja na nusu, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Ukiweza kutaimu tarehe 21 mwezi wa 3 au 23 mwezi wa 9, au karibu na hapo, jua linatokea juu kabisa ya mnara wa kati ukiwa umesimama kwenye njia ya magharibi. Wengi wanaamini waliolijenga walipanga hivyo.

Shangazi mwalimu wetu alitufundisha kwamba Angkor ilipotea msituni mpaka Mfaransa akaigundua. Halafu mitandaoni wanasema haiwezekani binadamu wale waliijenga. Ukweli ni upi? – Samweli

Samweli, yote mawili hapana, na la pili linanikasirisha kabisa.

Mfaransa Henri Mouhot alifika mwaka 1860, maandishi yake na michoro ndio yalifanya Ulaya iijue. Lakini alipofika alikuta watawa wa Kibudha wanaishi pale pale Angkor Wat na wanasali, na mpaka leo wapo, utaona majumba yao ndani ya uzio na nguo zao za rangi ya chungwa zimeanikwa. Mji ulipungukiwa watu baada ya jeshi la Ayutthaya, ufalme wa zamani wa Thailand, kuuteka mwaka 1431, wafalme wakahamia kusini, misitu ikafunika mahekalu mengi, hilo ni kweli. Ila Angkor Wat yenyewe haikuwahi kuachwa. Mreno António da Madalena aliitembelea mwaka 1586, na kuna hujaji wa Kijapani aliandika kwa wino ukutani mwaka 1632, maandishi yake bado yapo. Utapoteaje wakati mahujaji wanakuja kutoka Japani?

Kuhusu nani alijenga, jina lipo: mfalme Suryavarman wa Pili, nusu ya kwanza ya karne ya 12, alilijenga kwa ajili ya Vishnu, baadaye likawa la Wabudha. Yeye mwenyewe amechongwa baraza ya kusini ameketi chini ya miavuli mingi. Mawe yalitoka milima ya Kulen, yakasafirishwa kwa maji kupitia mifereji, na ukiangalia kwa karibu utaona kwenye mawe mengi vitundu vya duara vya ukubwa wa kidole gumba, humo walichomeka vigingi vya kunyanyulia. Jiwe linasuguliwa juu ya jiwe mpaka uso ulingane, hakuna chokaa ya kuunganisha. Chini ya ngozi ya jiwe zuri kuna mawe mekundu yenye vitundu yanayobeba uzito. Kila kitu kina mkono wa mtu. Pale Ta Prohm kuna jiwe lenye maandishi linalotaja watu 12,640 walioishi na kuhudumu ndani ya hekalu lile moja, wakiwemo wacheza ngoma 615. Ukishasoma hesabu kama hiyo habari za viumbe wa angani za nini?

Walichokuwa mabingwa zaidi ni maji. Baray ya Magharibi, bwawa lao la kutengenezwa kwa mikono, lina urefu wa kilomita 8 na upana wa zaidi ya 2, na bado lina maji. Handaki linalozunguka Angkor Wat lina upana wa mita 190 na kazi yake si urembo tu, hekalu limekaa juu ya mchanga, na mchanga ukiwa na unyevu ndio unabeba. Ndio maana wataalamu wanaogopa hoteli za Siem Reap zinavyovuta maji ya chini ya ardhi. Chagua hoteli ukiwa unalijua hilo, hata kama ni kuoga haraka haraka tu.

Preah Vihear je, lile hekalu la juu ya mlima mpakani? Nimeona picha nimechanganyikiwa. – Tatu

Ni zuri sana, Mahakama ya Kimataifa iliamua mwaka 1962 kwamba ni la Kambodia na limo kwenye urithi wa dunia tangu 2008. Lakini mwaka 2025 majeshi ya Kambodia na Thailand yalipigana eneo lile la mpaka. Kwa sasa liache Tatu. Ukitaka hekalu la mlimani la Wakhmer bila hofu kuna Wat Phu kusini mwa Laos.

Mambo ya pesa na adabu kidogo, naenda mwezi ujao mara ya kwanza, nisije nikaaibika. – Yusuf

Dola zinatumika kila mahali pamoja na riel yao, dola moja ni kama riel 4,000, chenji ndogo utarudishiwa kwa riel. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni hawapokei, kwa hiyo beba safi na ndogo ndogo. Tuktuk kubaliana bei ya siku nzima kabla hujapanda au tumia appu ya Grab au PassApp, na dereva akikusubiri juani masaa yote hayo mnunulie maji.

Watoto watakufuata na kadi za picha, wanahesabu mpaka kumi kwa lugha tano, wanavutia kweli. Usinunue. Kila wanachouza ndio sababu hawaendi shule, na kanuni za hifadhi zenyewe zinasema hivyo. Ukitaka kusaidia nunua kwa watu wazima. Watawa usiwapige picha bila kuomba, na ukiwa na mke au dada mwambie asimguse mtawa wala asikae karibu akagusana nae.

Na michongo usiishike. Nenda ukaone wale wanawake waliochongwa kwenye kuta za Angkor Wat, kila mmoja na mtindo wake wa nywele, utaona baadhi yao vifua vimekuwa vyeusi vinang'aa, hiyo ni mikono ya watu, jasho na mafuta ya miaka mingi. Weka mikono mfukoni.

Kaka yangu anabisha kuna dinosaria amechongwa Ta Prohm! – Fatma

Kipo kichongo kidogo cha duara kwenye nguzo ya mlango, mnyama mnene mwenye vitu kama magamba yamesimama mgongoni. Wengi wanaofahamu michongo ya Wakhmer wanamuona kama kifaru au mnyama kama huyo na yale ya mgongoni ni majani ya kupamba nyuma yake, maana duara nyingine pale zina pambo kama hilo pembeni. Mwongozaji yeyote atawaonyesha, lakini mwambie kaka asiishie hapo, juu na chini yake kwenye nguzo hiyo hiyo kuna nyani, kulungu na nyati wa majini, na wale wamechongwa vizuri kuliko huyo anayebishania.